Sanamu ya Askari pale Posta inaahidi jina, lakini yenyewe haina jina hata moja

Mkazi wa Gerezani (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikipita pale kwenye kipilefti cha Askari, Mtaa wa Samora, na kama ilivyo kwa wengi wenu, sanamu ile kwangu ilikuwa alama ya kuelekezana njia tu: shuka Posta Mpya, tembea mpaka Askari, kisha uliza. Mwezi uliopita mwanangu wa darasa la sita alipewa kazi ya shule ya kuandika habari za mnara mmoja wa jijini, nikamsindikiza, na kwa mara ya kwanza nikavuka magari nikasimama chini ya yule askari na kusoma maandishi yake mpaka mwisho. Mtoto akaniuliza, "Baba, huyu anaitwa nani?" Nikazunguka kibao kwa kibao nikitafuta jibu, nikalikosa. Ndiyo maana nimeanzisha uzi huu.

Kwa wasiofahamu, sanamu ile ilizinduliwa mwaka 1927, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza. Aliyeichonga ni Mwingereza James Alexander Stevenson, ambaye sanamu zake nyingine za askari ziko Nairobi na Mombasa. Kabla yake Wajerumani walikuwa wamesimamisha mjini sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 wakaing'oa, ikaishia Hamburg mbele ya chuo kikuu, na mwaka 1968 wanafunzi wa huko wakaiangusha. Huyu wetu yeye hajaangushwa na mtu. Ameshika bunduki yenye singe, na singe imeelekea bandarini. Amesimama hapo wakati barabara ikibadilishwa majina, wakati bendera ikibadilishwa, na wakati maghorofa yakimzunguka mpaka sasa anaonekana mfupi.

Maandishi yake ya Kiswahili yamewekwa kwa hati mbili, ya Kiarabu na ya Kirumi, na yako pia ya Kiingereza. Yanasema kwamba huu ni ukumbusho wa askari Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, wa wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wa wengine wote waliokufa wakimtumikia mfalme na nchi yao. Mwishoni unapewa ahadi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako.

Maneno hayo ya Kiingereza yaliandikwa na Rudyard Kipling, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo roho iliponiuma. Kipling alikuwa na mwana mmoja tu wa kiume, John, aliyepotea vitani huko Loos, Ufaransa, mwaka 1915 akiwa kijana wa miaka kumi na minane. Baba alimtafuta miaka mingi, akafa bila kuonyeshwa kaburi. Alijiunga na Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita, iliyoundwa mwaka 1917, na yeye ndiye aliyependekeza lile neno kutoka Kitabu cha Yoshua bin Sira, la kwamba majina yao yataishi milele, ambalo limechongwa kwenye mawe ya ukumbusho katika makaburi makubwa ya vita duniani. Mtu aliyejua kwa uchungu wake mwenyewe thamani ya jina lililoandikwa kwenye jiwe ndiye aliyetutungia sisi ahadi ya jina, na mawe tuliyowekewa hayana jina.

Tume ile ilikuwa na kanuni nzuri sana: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, awe jenerali au askari wa kawaida, bila kujali rangi wala dini. Huko Ulaya kanuni hiyo ilifuatwa kwa bidii ya kutisha. Huku kwetu maofisa waliamua kwamba Mwafrika hahitaji jiwe lenye jina, na kwamba sanamu moja ya jumla inatosha. Nendeni kwenye makaburi ya vita yaliyoko Barabara ya Bagamoyo hapa Dar es Salaam mkajionee. Kuna ukumbusho wenye majina mengi ya waliokufa bila kaburi kujulikana, na jina la ukumbusho wenyewe linawaeleza yote: ni Ukumbusho wa Waingereza na Wahindi. Aliyekuwa wa tatu katika vita ile, na kwa idadi ndiye aliyekuwa wa kwanza, hayumo hata kwenye kichwa cha habari.

Mwaka 2021 tume hiyohiyo, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti na kukiri kosa. Ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wa wakati huo, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni.

Hoja yangu ni moja. Ukumbusho wa taifa usio na majina unawaheshimu wenye vita kuliko waliokufa vitani. Ningependa kusikia kutoka kwenu, hasa walioyatembelea makaburi yetu wenyewe ya baada ya uhuru, kama sisi tumefanya tofauti.

Hoja Tupu

Mkuu, umeandika vizuri, lakini umelia kwenye msiba usio wetu. Yule askari wa pale Posta alipigana kwa ajili ya mfalme wa Uingereza, na kibao chenyewe kinasema hivyo bila kuficha. Upande wa pili walikuwepo askari Waafrika waliopigana kwa ajili ya Kaiser, mfalme wa Ujerumani, na miaka michache tu kabla ya hapo askari wa namna hiyohiyo ndio waliochoma maghala ya chakula kusini mpaka watu wakafa njaa wakati wa Majimaji. Unataka tuandike majina ya nani hasa? Mimi naona aachwe alivyo, asiyejulikana, awe pambo la kipilefti. Mashujaa wa taifa hili wanajulikana na wanaadhimishwa tarehe 25 Julai kila mwaka.

Mkazi wa Gerezani (mleta uzi)

Ndugu Hoja Tupu, nimekuelewa, na sehemu ya unayoyasema siwezi kuyapinga. Ila soma tena kibao. Askari ametajwa kwanza, lakini katikati yake wametajwa wapagazi, na hao ndio walio wengi kupita kiasi. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi na vibarua wanaokisiwa kupita milioni moja katika vita ile, wengi wakiwa wamekamatwa vijijini kwa nguvu kupitia kwa machifu. Walibeba risasi, unga, mahema na majeruhi kwa sababu mbung'o waliwaua ng'ombe na farasi, na magari hayakuwa na barabara. Waliouawa kwa risasi ni wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia, na jambo moja linalotajwa sana na waliochunguza vifo hivyo ni chakula: mtu aliyezoea ndizi au wali alipewa unga wa mahindi, jioni, mvua ikinyesha, bila kuni wala muda wa kuupika ukaiva, na tumbo lake likashindwa.

Huyo hakumpigania mfalme yeyote. Alitolewa shambani kwake akapewa mzigo. Ukiniambia hastahili jina kwa sababu kibao kilichoandikwa juu yake kimemtaja mfalme, utakuwa umemhukumu kwa maneno ambayo hakuyasema.

Na msifikiri kwamba majina hayakuwepo. Wapagazi waliandikishwa, wakapewa namba na vipande vya bati vya kuvaa ili walipwe na ili wakitoroka watambulike. Jina lilipohitajika kwa ajili ya kumdhibiti mtu lilipatikana. Lilipohitajika kwa ajili ya jiwe, tukaambiwa kazi ni ngumu.

Ukumbusho pekee wa hakika walioachiwa ni neno. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na ulimi wetu ukakigeuza kuwa Kariakoo, kwa sababu baada ya mji kutwaliwa walipiga kambi pale. Nairobi nako kuna Kariokor, kwa asili hiyohiyo. Kila siku maelfu ya watu wanaitamka kumbukumbu ya vita wakienda kununua vitenge.

Mto Ngono

Nawasalimu wote kutoka Bukoba. Mleta uzi ameuliza kama makaburi yetu ya baada ya uhuru ni tofauti, nami nitajibu kwa ninachokijua, kwa sababu baba yangu mdogo yuko Kaboya.

Kwa wadogo zetu, majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978 wakakalia eneo lote la kaskazini mwa Mto Kagera, wakalivunja Daraja la Kyaka, na watu wetu wakakimbilia kusini na vyungu vichwani. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akasema maneno ambayo hata waliozaliwa juzi wanayajua, ya kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mwanzoni mwa Juni vijana walikuwa wamefika mpaka wa Sudan. Waliokufa walirudishwa wakazikwa Kaboya, wilayani Muleba, kwenye ardhi ya jeshi. Mwishoni mwa Julai mwaka huohuo Mwalimu na viongozi wenzake walikwenda pale kutoa heshima zao.

Pale Kaboya kuna mnara mweupe, na juu yake yameandikwa majina. Hilo ndilo jibu langu fupi.

Jibu refu ni hili. Sisi Wahaya mtu wetu hazikwi mbali. Anazikwa kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, karibu na alipozikwa babu yake, ili watoto wanaokwenda kukata ndizi wampite kila siku. Baba mdogo aliposemekana amezikwa kambini, katika mstari, pamoja na watu wa mikoa ambayo bibi yangu hakuwahi kuisikia, bibi alikataa kabisa kwamba huko ni kuzikwa. Alikuwa akisema kwamba mwanawe amewekwa, hajazikwa. Alikaa na msemo huo miaka mingi, na kila msiba wa jirani ulimrudisha hapo.

Siku moja wajomba walimpeleka kwenye maadhimisho, nami nikiwa kijana wa sekondari nikafuatana nao. Umati ulipopungua tulimsogeza mpaka mnarani. Bibi hakujua kusoma, hivyo nilimtafutia jina nikamwonyesha. Nilidhani atalia. Badala yake akaniuliza, "Juu yake ni nani, na chini yake ni nani?" Nikamsomea. La juu lilikuwa jina la Kiislamu, la chini lilikuwa la Kisukuma kwa jinsi nilivyolisikia. Akanifanya niyarudie mpaka akayashika, yote mawili, kwa ubini wake. Njiani kurudi alikuwa akiyanong'ona ili yasimtoke.

Tangu siku hiyo mpaka alipofariki, kila alipomwombea mwanawe aliwataja na wale wawili, na watu wakimwuliza ni akina nani alijibu kwamba ni majirani zake. Yale maneno ya "amewekwa" hakuyasema tena. Alikuwa amekubali kwamba mwanawe yuko kibanjani, ila kibanja hicho ni kikubwa kuliko alivyozoea. Sasa ndugu Hoja Tupu, mnara ungekuwa hauna majina, ukawa na sanamu nzuri tu ya shaba, bibi yangu angeuliza nini pale?

Hoja Tupu

Kaka Mto Ngono, poleni sana kwa baba mdogo na kwa bibi. Kwa Kaboya sina ubishi hata kidogo. Msimamo wangu juu ya pale Posta bado haujabadilika.

Peramiho Yangu

Naungana na Hoja Tupu kwa sehemu, kwa sababu natoka Songea, na kwetu neno "askari" lina ladha nyingine. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wetu 67 wa Majimaji. Wengi walitupwa kwenye kaburi moja la halaiki, lakini Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, alizikwa peke yake, na inaaminika kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Walioshika kamba na walioshika bunduki siku ile, ukiwatoa maofisa wachache, walikuwa Waafrika wenzetu.

Pamoja na hayo nataka niunge mkono hoja ya majina. Makumbusho yetu ya Majimaji pale Mahenge, hapahapa Songea mjini, yamewataja walionyongwa, na familia zao huja kila mwezi wa Februari zikijua zinamfuata nani. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipokuja Songea Novemba 2023 kuomba msamaha, alikutana na kizazi cha Songea Mbano chenyewe, akaahidi kusaidia kukitafuta kichwa cha babu yao. Angekuja kuomba msamaha mbele ya sanamu isiyo na jina, nani angesimama kumpokea? Jina ndilo linalompa mtu ndugu wa kudai.

Mzee wa Kombania

Vijana wangu, nimeusoma uzi huu kwa furaha. Nilitumikia Jeshi la Wananchi mpaka nikastaafu, na katika gwaride la Siku ya Mashujaa nimesimama mara kadhaa, enzi hizo likifanyika Mnazi Mmoja kabla maadhimisho hayajahamia Dodoma. Naomba niwaeleze jambo ambalo wengi hulitazama kwenye televisheni bila kulitafakari.

Nchi nyingi huwakumbuka wanajeshi wao kwa maua. Sisi pia tunaweka shada la maua, lakini huwekwa na Kiongozi wa Mabalozi, yaani mgeni wetu. Sisi wenyeji tunaweka silaha. Rais anaweka mkuki na ngao. Mkuu wa Majeshi anaweka sime. Meya wa jiji anaweka upinde na mshale. Mwakilishi wa wazee waliopigana vita anaweka shoka. Tarumbeta linalia mlio wa maombolezo, watu wote wanasimama kimya, kisha viongozi wa dini wanaomba kila mmoja kwa imani yake. Ukisimama gwarideni huruhusiwi kugeuza shingo, kwa hiyo hayo yote unayapata kwa masikio: hatua za Rais kwenye zulia, kisha ukimya, kisha mgongano mdogo wa mkuki ukiegeshwa. Ule mlio wa mkuki ninausikia mpaka leo.

Angalieni sasa. Mkuki, ngao, upinde na shoka si silaha za Keya, kama tulivyowaita wale askari wa mfalme, wala si za JWTZ. Ni za watu wa Songea anaowasema ndugu wa Peramiho, na za wote waliosimama kabla yao na baada yao. Waliobuni utaratibu ule walitaka askari wa leo awe mrithi wa mpiga mshale wa jana, na asiwe mrithi wa yule wa pale Posta mwenye singe. Kwa hiyo Hoja Tupu hakukosea kuona tofauti. Utaratibu wenyewe umeiona siku nyingi.

Juu ya majina nitasema kidogo tu. Jeshini jina la aliyekufa si hisani. Linaandikwa katika taarifa ya kikosi kabla chakula cha jioni hakijagawiwa, kwa sababu kesho asubuhi wakati wa kuitana lazima pengo lake lijulikane. Mwenzako akifa na jina lake likapotea, maana yake kikosi hakikuhesabiwa, na kikosi kisichohesabiwa si kikosi.

Mkazi wa Gerezani (mleta uzi)

Afande, shikamoo, na asante. Umenifungua macho kwa jambo ambalo nimelitazama kila Julai bila kuliona.

Nimejifunza pia kutoka kwa ndugu wa Songea, na nakubali kwamba sanamu moja haiwezi kubeba watu ambao wenyewe kwa wenyewe walikuwa pande mbili za kamba. Tena wa upande wa Mjerumani wana kisa chao. Husimuliwa kwamba miaka ya sitini, serikali ya Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wazee waliobaki, mtumishi aliyekuja na fedha Mwanza alikuta wazee wengi hawana karatasi yoyote, akawapa ufagio mmoja mmoja na kuwaamuru kwa Kijerumani washike silaha, na hakuna aliyeikosea amri. Miili yao ilikumbuka mlio wa amri kuliko nchi yoyote ilivyowakumbuka wao. Sijui kama nicheke au nisikitike.

Lakini bado nabaki na mpagazi wangu, kwa sababu katika kila ukumbusho tulioutaja humu yeye hana nafasi. Songea hayupo, Kaboya hayupo, na pale Posta ametajwa kwa sentensi moja chini ya miguu ya mwenye bunduki. Wengine hawajakata tamaa. Afrika Kusini nako walikuwepo vibarua weusi wa jeshi waliokufa katika vita ileile, baadhi yao hukuhuku kwetu, bila kuwekewa ukumbusho wowote. Januari 2025 ulizinduliwa mjini Cape Town ukumbusho wa watu 1,772 wa namna hiyo, na kila mmoja amesimamishiwa nguzo yake ya mti yenye jina lake na tarehe aliyokufa. Majina yalitafutwa kwenye makaratasi ya zamani na yakapatikana, zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Kwetu majina mengi huenda hayapatikani tena, nalikiri hilo. Basi namwuliza afande swali dogo. Pale penye mkuki, ngao, sime, upinde na shoka, kuna kitu gani cha mtu ambaye hakushika silaha yoyote, aliyekufa kwa sababu ya mzigo?

Mzee wa Kombania

Marahaba, kijana wangu. Hakuna kitu chake.

Mto Ngono

Afande na mleta uzi, niseme neno nililolifikiria tangu jana. Mpagazi hakuwa na silaha, lakini alikuwa na chombo chake cha kazi kilichokaa kati ya fuvu na mzigo: ngata, au kata kama wengine wanavyoiita, ile duara ya majani ya mgomba au kitambaa kilichosokotwa. Kila mama humu ndani anaijua. Ningeona ngata moja tu imewekwa kando ya ule mkuki, ningeamini kwamba tumemhesabu.

Hoja Tupu

Hapo kwenye ngata nimekaa chini, mkuu. Sina neno la kupinga. Mpagazi hakumchomea mtu ghala.

Mzee wa Kombania

Wazo ni zuri, lakini itifaki ina maswali yake, na la kwanza litakuwa hili: ngata hiyo ataiweka nani? Mkuki una mwenyewe, sime ina mwenyewe, shoka lina mwenyewe. Kitu hakiwekwi pale na mtu yeyote tu.

Mkazi wa Gerezani (mleta uzi)

Afande, kesho saa kumi na moja alfajiri nenda Kariakoo, magari ya mikoani yanapoteremsha viroba. Utawakuta wachukuzi wa soko wamejipanga, kila mmoja ana kitambaa chake amekisokota kichwani, wakisubiri kuitwa. Achaguliwe mmoja wao.